Usimsomee Mzee

Jangwa la Mojave, California
Tarehe 6 Agosti 1951

Shemeji Ivalee,

Najua mmekwisha kumzika Dewey. Sikuwapo, na tafadhali usiniandikie kwamba haidhuru. Niliomba ruhusa ya kuleta mwili wa ndugu yangu nyumbani Arkansas, wakanikatalia. Wakasema hakuna mtu wa kazi yetu anayetoka hapa mpaka uchunguzi uishe. Nikawauliza, mbona Dewey ametoka? Afisa akanitazama kama niliyemtukania mama.

Nakueleza yaliyotokea kwa sababu wao hawatakueleza. Tuliapishwa tusiandike habari za kazi hii. Lakini mkono ulioapa ndio uliomwokota Dewey, na sasa utaandika unavyotaka.

Hapa kuna ndege ndogo yenye umbo la risasi. Haina panga la kuzunguka mbele, inasukumwa na roketi. Hairuki kutoka ardhini. Inaning'inizwa chini ya ndege kubwa ya mabomu kama ndama anayenyonya, inapandishwa juu sana, kisha inaachiwa na rubani anawasha moto nyuma yake. Inakwenda kasi kuliko sauti. Unaiona imeshapita, ndipo mshindo unakuja na kutikisa sufuria jikoni. Ziko mbili, pacha. Huko juu hewa ni haba, kwa hiyo moto wake unalishwa na oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa maji, na baridi yake ni kwamba ukiigusa unaacha ngozi. Mimi niko kundi la lori linaloleta hiyo oksijeni. Dewey alikuwa kundi la ndani ya ndege, wanaofunga mabomba.

Tulikuwa tunajaza tangi asubuhi, jua bado halijawa kali. Rubani alikuwa hajaingia. Dewey alikuwa chini ya tumbo la ndege na tochi yake. Ikapasuka. Hakuteseka. Hicho ni kiapo kingine, na hicho nakitunza.

Sasa sikia uchafu wenyewe. Wamebandika karatasi ukutani kwamba huenda marehemu alikuwa anavuta sigara. Dewey! Mtu wa kanisa lenu, aliyekuwa anahama meza watu wakitoa kiberiti. Chester Pogue, mwenzetu wa bwenini, alimshika karani shati. "Sigara gani, we nguruwe? Huyu mtu hata kahawa alikuwa anakunywa kwa kuomba radhi!"

Hawajui kilichopasuka ni nini, kwa hiyo wamemtwisha maiti. Maiti habishi. Mimi nitabisha.

Ni mimi shemeji yako,
Orrin Tackett


Sugar Creek, Arkansas
Tarehe 13 Agosti 1951

Orrin,

Usiniandikie kwa upole wa msibani. Wewe ndiye uliyemwita. Dewey alikuwa na nyumbu wake wawili na shamba la mahindi, na jioni alikuwa anakaa na Baba wanashona hatamu. Ukaandika: njoo, kuna mshahara kila wiki, kazi yenyewe kubeba mabomba. Hukusema mabomba ya nini. Leo ndiyo unajua kuandika ukurasa mzima!

Hiyo sigara ilifika kabla ya barua yako. Gazeti la mjini liliichapa, mstari mmoja tu, na mstari mmoja unatosha. Mchungaji Sutherlin alisali kaburini kama mtu anayetembea juu ya mayai. Mlangoni mwa kanisa Opaline Crabb akanishika mkono: "Pole, mwenzangu. Kumbe alikuwa anavuta kwa siri?" Nikamwambia, "Mwenye siri ni mumeo, dada. Kamwulize anakula chakula cha mchana jikoni kwa nani." Nimetengwa na Crabb wote, na sijuti.

Baba mkwe yuko kwenye kazi yake. Unajua macho yamekwisha kabisa sasa. Anashona kwa vidole tu, na kila barua inayoingia nyumba hii namsomea pale kwenye benchi lake la kushonea ngozi, kama tulivyokuwa tunafanya na za Dewey. Yako alinisomesha mara mbili. Tulipofika kwenye tochi alisimamisha sindano. Kisha akasema, "Mwandikie huyo aliyebaki. Jina la ndugu yake liko mkononi mwake. Asikanyage hapa bila hilo jina."

Nami nasema vivyo hivyo. Mume sitarudishiwa. Jina watarudisha, hata kama utawang'oa nalo meno.

Ivalee


Jangwa la Mojave
Tarehe 20 Agosti 1951

Shemeji,

Nimeyapokea yote, na hata lile la mabomba ni halali yangu.

Nimekwenda kwa Bwana Whitlock, mhandisi anayesimamia uchunguzi. Karani alisema bwana yuko kwenye kikao. Nikasukuma mlango. Walikuwa watatu wanakula sandwichi.

Akasema, "Wewe ni wa lori la oksijeni. Rudi kazini."

Nikasema, "Nitarudi ukinionyesha hiyo sigara."

"Hatujasema ni sigara. Tumesema huenda."

"Basi na mimi nitabandika kwamba huenda Bwana Whitlock ni mwizi wa kuku. Huenda tu."

Mmoja wao alicheka, akakohoa kuficha. Whitlock hakucheka, lakini hakuita walinzi pia. Akasema nitasikilizwa mbele ya baraza, tarehe kumi Septemba. Nikiwa na kitu cha kuonyesha marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nilete.

Basi nitafutie. Dewey alikuandikia kila Jumapili, nilimwona akitoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Kama aliandika popote juu ya kanisa, juu ya tumbaku, juu ya jinsi alivyokuwa anafanya kazi kwa uangalifu, ninakilie maneno yenyewe. Mashahidi ninao: Chester, na wapishi wawili, na hata yule fundi mkuu wa kundi la ndani, mwoga lakini si mwongo.

Chester ndiye aliyepewa nafasi ya Dewey. Sasa mchana kutwa analala kazini chini ya ile pacha iliyobaki. Wana haraka. Wanataka iruke kabla ya baridi, wasomi wote wanatembea kama wanafukuzwa na nyuki. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema, "Naogopa sana. Lakini tumbo langu limezoea kula."

Mwambie Baba sijalala juu ya jambo hili.

Orrin


Sugar Creek
Tarehe 27 Agosti 1951

Shemeji Orrin,

Kidogo nimekusamehe kwa ajili ya mwizi wa kuku. Baba alitaka nirudie hapo.

Nimezisoma zote upya, kazi ambayo simwombei mtu. Nimepata unachokitaka. Ni ya Jumapili mbili kabla hajafa. Nanakili neno kwa neno:

"Mwambie Baba hapa kuna watu wamesoma mpaka wamekonda, lakini ngozi hawaijui. Kwenye kila ungio la bomba kuna pete ya ngozi ya kuzuia lisivuje. Zilikuja kavu, ngumu kama ganda la mti, zinakwaruza chuma. Hakuna aliyejali. Nikachukua ile chupa ya mafuta ya kwato za ng'ombe ambayo Baba alinipa kwa ajili ya viatu vyangu, nikazipaka zote, za ndege zote mbili, moja baada ya nyingine kwa kidole, mpaka zikawa laini kama sikio la ndama. Sikumwambia mtu, wangeniuliza karatasi ya ruhusa. Sasa zinakaa kama zilizaliwa pale. Baba angepita pale asingeona haya kuniita mwanawe."

Ukiona maneno yamechafuka hapo, nimelia juu yake.

Nilipomsomea Baba aliweka sindano chini, akacheka. Orrin, alicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Akapiga benchi: "Ngozi kavu ni aibu ya mwenyewe! Umesikia? Hakusahau!" Jioni ile alikula mkate wake wa mahindi wote na kuomba maharage tena. Tangu hapo kila mtu anayepita kuleta hatamu anasimuliwa, hata mume wa Opaline Crabb alisimuliwa akiwa amesimama na kofia mkononi.

Basi wasomee hao wasomi wako. Waulize kama mtu anayehangaikia pete ambayo hakuna anayeiona ndiye wa kuwasha sigara karibu na tangi.

Shemeji yako,
Ivalee


Jangwa la Mojave
Tarehe 1 Septemba 1951

Ivalee,

Hii isome peke yako. Nenda zizini, nenda kisimani, popote. Usimsomee mzee.

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya pipa. Nilipofika kwenye chupa nikarudia kusoma.

Nilipoanza kazi ya lori, siku ya kwanza kabisa, msimamizi alichukua kitambaa chenye tone moja la grisi, akakichovya kwenye kikombe cha ile oksijeni, akakiweka juu ya fuawe na kukigonga kwa nyundo. Kililia kama bunduki. Kofia yake iliruka. Tulicheka. Akasema, mmeona? Mafuta na kitu hiki ni mume na mke wanaochinjana, hata tone moja, hata la nywele. Lori letu lina kibao chekundu ubavuni: MAFUTA MARUFUKU. Tunanawa mikono kama wakunga.

Lakini hayo tuliambiwa sisi wa lori. Wale wa ndani ya ndege hawakuambiwa. Hapa kila kundi lina siri yake, na ukionekana unaongea na kundi lingine juu ya kazi, hata mezani, unafukuzwa. Vitanda vyetu vilipakana, Ivalee. Ndugu wa tumbo moja. Jioni tulikuwa hatuambizani mchana tumeshika nini. Tuliongea habari za nyumbu.

Sasa unaona. Dewey aliona ngozi kavu. Mtoto yeyote aliyekulia kwenye benchi la Enoch Tackett angefanya alichofanya. Hata mimi, kama nisingeona kile kitambaa, ningefanya, tena ningejisifu.

Nina hasira mpaka meno yananiuma. Nawachukia wenye kibao kimoja, ambao hawakuweza kununua cha pili. Na nakuambia la kuchekesha zaidi: tumeshashinda. Jana Whitlock aliniita. Mashahidi wametosha, sigara inafutwa. Wataandika kwamba chanzo hakijulikani. Jina la Dewey ni safi kama shuka ya kanisani. Kinachotakiwa kwangu ni kunyamaza tu.

Nikisema, wataandika kwamba mtumishi alipaka mafuta bila ruhusa. Gazeti lenu litayachapa, na Baba ameshaisimulia hiyo chupa kwa bonde zima. Atajua mkono wake ulifika mpaka jangwani ukamwua mwanawe. Mzee ambaye hajabakiwa na kitu isipokuwa vidole vyake na kazi yake.

Nikinyamaza, alizipaka ndege zote mbili. Chester yuko chini ya ile ya pili. Wataijaza wakati wowote, na siku ya kuruka rubani atakaa ndani yake.

Niambie. Wewe ndiye mjane, neno lako kwangu ni la mwisho. Jibu kwa barua ya ndege, na usikae nayo.

Orrin


Sugar Creek
Tarehe 5 Septemba 1951

Orrin,

Nimemsomea.

Najua ulivyosema. Alisikia bahasha ikipasuka. Nikamwambia ni tangazo la mbegu. Akasema, "Tangazo la mbegu halimfanyi mtu asimame mlangoni bila kupumua. Binti, mimi ni kipofu, si mfu. Soma." Nikasoma yote, pamoja na ule mstari wa mkono wake.

Hakulia. Aliinuka, akaligusa benchi lote kutoka mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayempima ng'ombe, akarudi akakaa. Akasema, "Chukua kalamu. Na usinipambie maneno." Haya ni yake:

"Orrin. Nimewafundisha kwamba ngozi kavu ni aibu ya mwenyewe. Kwa kila ngozi niliyoishika maisha yangu nilikuwa sahihi. Hiyo yenu sikuambiwa. Dewey hakuambiwa. Wewe uliambiwa ukafungwa mdomo, na sasa umekipenda hicho kifungo mpaka unataka kunifunga na mimi.

"Nani alikuomba unihurumie? Unataka nilale vizuri na mtoto wa mtu mwingine aungue kwa ajili ya usingizi wangu. Huyo Chester hana baba? Hana benchi lolote linalomngoja? Ulimwona Dewey, ukamwokota kwa mikono yako, na bado unakaa juu ya pipa unauliza maswali kwa barua!"

Hapo nikamwambia, Baba, punguza kidogo, naye ameumia. Akasema, "Punguza nini? Andika."

"Usingoje baraza. Nenda sasa, barua hii ikiwa bado mkononi. Wakiuliza nani alimfundisha kupaka mafuta, taja jina langu lote. Wakishindwa kuliandika, wapangie herufi. Hilo gazeti na lije. Watu wa bonde hili wananijua kabla hawajajua kusoma."

Akachukua sindano yake. Nikamwuliza kama ndiyo mwisho. Akasema, "Mwambie nilipokuwa naipakia ile chupa nilifurahi." Kisha akasema nifute. Sijafuta.

Haya yangu. Uliniambia neno langu ni la mwisho. Mimi nililia kwa ajili ya jina, na wewe umelipata, na ninalitaka, Orrin, kila Jumapili nikiingia kanisani nitalitaka. Chester simjui. Ningekujibu peke yangu, ningekwambia unyamaze. Nilikuwa nimeshachukua karatasi kichwani. Ndiyo sababu nilimsomea Baba. Sikumsomea kwa ushujaa.

Nenda.

Ivalee


Jangwa la Mojave
Tarehe 11 Septemba 1951

Baba, na Shemeji,

Hii isomwe kwa sauti.

Barua yenu niliipata Ijumaa mchana, kwenye foleni ya chakula. Niliacha sahani. Whitlock alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye mafuta ya kwato alishika simu kabla sijamaliza. Walizuia ndege, wakafungua ungio la kwanza. Pete ilikuwa inang'aa, laini kama alivyosema. Mhandisi mmoja kijana aliikunja kati ya vidole akaanza kulia, sijui kwa nini yeye.

Jana nilisimama mbele ya baraza. Mwenyekiti akauliza nani alimwelekeza mtumishi kupaka mafuta.

Nikasema, "Baba yetu. Enoch Tackett, mshona hatamu, Sugar Creek." Nikawapangia herufi.

"Na nani alimpa ruhusa?"

"Hakuna. Na mimi nina swali. Nani alimweleza kwa nini asipake?"

Nikauliza tena. Mwenyekiti akasema swali si la shahidi. Nikasema, basi ni la nani, maana aliyepaswa kuliuliza mmemrudisha nyumbani kwenye sanduku. Nikasema mlikuwa na rangi nyekundu ya kibao kimoja tu? Nikasema na mengine ambayo Shemeji hawezi kuyasoma mbele ya Baba. Mwenyekiti akamwambia karani asiyaandike. Walinzi wakanitoa, na mmoja wao, nikiwa mlangoni, alinifungulia mlango kama anavyofunguliwa bwana.

Ripoti itasema: mtumishi alipaka mafuta bila idhini. Haitasema zaidi. Sigara imefutwa na hilo limeandikwa mahali pake. Nimelishika jina la Dewey safi kabisa mkononi, nikalirudisha kwenye matope mwenyewe. Mkitaka kunichukia, mna haki, nami nitawasaidia.

Limebaki moja, nanyi mtalisikia kwangu.

Alhamisi, siku moja kabla sijapata barua yenu, walijaza tangi la ile pacha kwa majaribio. Mimi mwenyewe nilishika mpira wa lori. Chester alikuwa chini ya tumbo lake. Nilikuwa nangoja jibu, na nikafungua koki. Haikupasuka. Sijui kwa nini. Hakuna anayejua kwa nini.

Nilipotoka barazani alikuwa ananingoja uwanjani, watu wote wapo. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Akauliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia.

"Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza kama mpira umekaza, ukasema umekaza. Ukanipa na tumbaku yako."

Nikasema ndiyo. Alinipiga ngumi ya mdomo, nikaanguka, akaningoja niinuke akanipiga tena. Hakuna aliyemshika. Nisingependa ashikwe. Akasema, "Dewey angekuja kuniamsha usiku ule ule," na ni kweli, kila mtu pale alijua ni kweli.

Leo wamenifukuza. Basi linaondoka jioni. Asubuhi nilipita kwenye banda kuchukua vitu vyangu, nikamkuta Chester yuko chini ya ndege, anang'oa zile pete zote na kuosha maungio kwa dawa, na kwa kila pete anayoitupa kwenye ndoo anataja jina langu na tusi moja, tofauti kila mara. Nilisimama pale na mdomo wangu uliovimba, nikamsikiliza mpaka ndoo ikajaa.

Orrin